Aspirini na pumzi zetu: Swali moja dukani laweza kuokoa uhai

HAKUNA dawa iliyozoeleka katika nyumba za Wakenya kama kidonge cha kutuliza maumivu. Kichwa kikigonga, kiuno kikikaza au mtoto akipandwa na joto usiku, mtu hutumwa dukani, si hospitalini. Muuzaji huchukua makasi, hukata vidonge viwili au vitatu kutoka kwenye pakiti na kuvitia mkononi mwa mnunuzi pamoja na chenji ya sukari. Hakuna anayeuliza lolote, wala hakuna anayetarajia kuulizwa.

Biashara hiyo ya kimya ina faida zake. Duka li karibu kuliko zahanati, hufunguliwa mapema, hufungwa usiku na halina foleni. Hata hivyo, kimya hicho kina gharama ambayo hulipwa na wachache, na mara nyingi hulipwa kwa pumzi.

Miongoni mwa vidonge vinavyouzwa kwa namna hii imo aspirini, dawa mashuhuri kuliko zote za jamii iitwayo salisileti. Ni ya bei nafuu, imetumiwa kwa zaidi ya karne moja na haina sifa ya kutisha. Lakini ina uhusiano na upumuaji wa binadamu ambao wauzaji wengi hawaujui na wanunuzi hawajaelezwa. Kwa baadhi ya watu wazima wenye pumu, kidonge kimoja tu chaweza kuibana mirija ya hewa hadi mgonjwa akapigania roho yake. Kwa mtoto aliyepewa kupita kiasi, dawa iyo hiyo humfanya atwete kwa namna inayofanana na malaria kali au nimonia.

Je, tuipige marufuku? La hasha. Dawa hii huwafaa mamilioni ya watu, hasa wenye maradhi ya moyo. Kinachohitajika ni kuivunja ile desturi ya kuiuza kana kwamba ni peremende.

Kutoka gome la mti hadi dukani

Chimbuko la salisileti ni gome la mti. Mnamo 1763, kasisi Mwingereza kwa jina Edward Stone aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London akieleza jinsi unga wa gome la mti uitwao "willow" ulivyowasaidia wagonjwa wa homa za vipindi. Wanakemia wa karne ya 19 waliitenga asidi iliyotokana na kiini cha dawa hiyo, lakini iliwachoma wagonjwa tumboni. Ndipo mwaka 1897, katika maabara ya kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, Felix Hoffmann akatengeneza aina iliyo laini zaidi. Miaka miwili baadaye, ilipewa jina la Aspirin na kuingizwa sokoni.

Sifa zake zilivuma, nayo madhara yake hayakukawia kuonekana. Mapema katika karne ya 20, madaktari wa Ulaya walianza kuripoti wagonjwa waliozidiwa muda mfupi baada ya kuimeza. Mnamo 1922, daktari Mfaransa Fernand Widal alieleza jinsi mambo matatu yalivyoandamana kwa mgonjwa mmoja: pumu, vinyama vinavyoota ndani ya pua, na mwili kuikataa aspirini. Mwaka 1968, Max Samter na Roland Beers wa Marekani waliyafafanua zaidi mambo hayo matatu, na hadi leo ugonjwa huo huitwa utatu wa Samter.

Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1971, pale mtaalamu Mwingereza John Vane alipogundua kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchangia maumivu, joto na uvimbe. Kwa kazi hiyo, Vane alituzwa Nobel ya 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi.

Msomaji na afikirie mto unaogawanyika kuwa mifereji miwili. Mfereji wa kwanza hupeleka maji kwenye prostaglandini, ambazo baadhi yake huilinda mirija ya hewa isibane. Mfereji wa pili hupeleka maji kwenye kemikali ziitwazo leukotrini, ambazo hukaza misuli ya mirija hiyo, huivimbisha na kuijaza makamasi. Aspirini huziba mfereji wa kwanza. Kwa watu wengi, jambo hilo halina neno. Lakini kwa mgonjwa ambaye mfereji wake wa pili tayari umefurika, kuondolewa kwa ile kinga huwa kama kuvunja ukingo. Leukotrini humiminika na kifua hufunga.

Nani yuko hatarini?

Ni muhimu kutowatia watu hofu isiyo na msingi. Wengi wa wenye pumu wanaweza kumeza aspirini bila kudhurika. Uchanganuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa tatizo hili huwapata takriban watu saba kati ya kila watu wazima 100 wenye pumu. Miongoni mwa wale ambao pumu yao ni kali, idadi hiyo hupanda hadi 15 hivi. Kwa ufupi, si wengi, lakini si haba pia.

Tatizo ni kwamba ugonjwa wenyewe huingia kwa kunyata. Kwa kawaida huanza mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40 na ushei, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwanza huja mafua yasiyokwisha, kisha pua huziba na mgonjwa hupoteza uwezo wa kunusa. Pumu hufuatia, na hatimaye siku moja kidonge alichokimeza tangu ujana wake bila shida humgeuka. Ndiyo maana kauli kwamba "mimi nimezoea dawa hii" haitoshi kuwa kinga.

Dalili hujitokeza kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza. Pua hutiririka, macho huwa mekundu, uso hupata joto, kifua hubana na pumzi hutoka kwa sauti ya mluzi. Wengine hupona kwa kutumia dawa yao ya kuvuta kwa inhela. Wengine huhitaji kukimbizwa hospitalini, na baadhi yao hulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Isitoshe, huu si mzio wa kawaida unaoweza kutambuliwa kwa kipimo cha kuchoma ngozi. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa, au humpa dawa hiyo kidogo kidogo hospitalini akiwa chini ya uangalizi mkali. Zipo hospitali katika mataifa ya kigeni ambako madaktari huwazoesha wagonjwa wa aina hii kwa kuwaongezea aspirini hatua kwa hatua, hadi mwili ukaikubali. Dawa ya moto ni moto, wahenga walisema, lakini moto huu haufai kuchezewa nyumbani. Anayejaribu mwenyewe hutia maisha yake hatarini.

Aidha, mgonjwa wa aina hii hapati usalama kwa kuikwepa aspirini peke yake. Dawa nyingine zinazoziba mfereji uo huo, zikiwemo ibuprofeni, diklofenaki na naproxeni, huweza kumletea shida ile ile. Hizi nazo ni dawa ambazo mtu hupewa kwa urahisi akilalamikia mgongo au jino. Parasetamoli ndiyo huvumiliwa na wengi, ingawa baadhi yao hubanwa kidogo wakimeza miligramu 1,000 au zaidi kwa mpigo, yaani vidonge viwili vya kawaida.

Mtego mwingine umo katika majina. Sokoni zipo dawa za kichwa na za mafua zinazochanganya aspirini, parasetamoli na kafeini katika kidonge kimoja. Jina kubwa kwenye pakiti ni la kibiashara, huku viungo vyake vikiandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Mtu aliyeonywa na daktari asiguse aspirini anaweza kuinunua kesho yake kwa jina jingine bila kujua.

Funzo la Kilifi

Iwapo kuna mahali ambapo Kenya imechangia maarifa ya dunia kuhusu suala hili, basi ni Kilifi. Huko, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na washirika wao kutoka Uingereza, walitumia miaka ya tisini kuchunguza ni kwa nini malaria iliwaua watoto waliofikishwa hospitalini. Utafiti wao wa 1995, ulioongozwa na Kevin Marsh, ulionyesha kuwa ishara mbili zilibashiri kifo kuliko nyingine: mtoto kupoteza fahamu, na mtoto kupumua kwa shida.

Kupumua huko kwa kina na kwa kasi hakukumaanisha kila mara kwamba mapafu yalikuwa na ugonjwa. Mara nyingi damu ya mtoto ilikuwa imejaa asidi, na mwili ulikuwa ukijitahidi kuiondoa kwa njia ya pumzi. Swali likawa: asidi hiyo inatoka wapi?

Jibu kuu lilikuwa malaria yenyewe. Lakini mnamo 1996, Mike English na wenzake waliripoti katika jarida la Lancet jambo ambalo wachache walilitarajia. Walipopima damu ya watoto waliolazwa kwa sababu ya malaria, waligundua kwamba wengi wao walikuwa na salisileti mwilini, dawa waliyopewa kabla ya kufika hospitalini. Wachache miongoni mwao walikuwa nayo kwa kiwango cha sumu. Watoto hao wachache walikuwa na dalili zinazofanana kabisa na za malaria kali.

Mfanano huo ndio kiini cha hatari. Salisileti ikizidi mwilini, hukichochea moja kwa moja kituo cha ubongo kinachoendesha pumzi, na mtoto huanza kuhema haraka. Baadaye asidi hujaa katika damu na kuhema huko huzidi. Sukari ya mwili hushuka, mtoto hutapika, huchanganyikiwa na huweza kupatwa na degedege. La kushangaza zaidi ni kwamba dawa iliyonunuliwa kushusha joto, ikizidi sana, hulipandisha joto lenyewe. Mama akiona mwanawe bado anachemka, huongeza kidonge kingine. Kwa hivyo, tiba hugeuka kuwa chanzo cha ugonjwa, na kila dozi huleta sababu ya dozi inayofuata.

Ingekuwa kosa kuyachukua matokeo ya 1996 kama picha ya leo. Malaria ilipungua sana Kilifi katika miaka iliyofuata, dawa mseto zenye artemisinini zilichukua nafasi ya dawa za zamani, na wataalamu hupendekeza parasetamoli kwa mtoto mwenye homa. Hata hivyo, desturi iliyozaa tatizo lile, yaani kununua dawa bila maelezo na kumpa mtoto kwa kukisia, ingali hai.

Hesabu ya vidonge

Kukisia huko ni kwa hatari kiasi gani? Wataalamu wa sumu huhesabu kwa kulinganisha dawa na uzani wa mtu. Miligramu 150 za aspirini kwa kila kilo ya mwili, zikimezwa kwa mpigo, zatosha kuleta dalili za sumu. Mtoto wa mwaka mmoja hivi ana kilo 10. Kwake yeye, kiasi hicho ni miligramu 1,500, yaani vidonge vitano vya kawaida vya miligramu 300.

Huenda msomaji akasema hakuna mzazi wa kumpa mtoto vidonge vitano kwa mara moja. Ni kweli. Lakini sumu ya salisileti huja pia polepole. Miligramu 100 kwa kila kilo kwa siku, zikitolewa kwa siku mbili au zaidi, zinaweza kumdhuru mtoto. Kwa mtoto yule wa kilo 10, kidonge kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja jioni na kingine usiku hufikisha miligramu 1,200. Mzazi aliyefanya hivyo kwa siku mbili amevuka mpaka, ilhali moyoni anaamini kuwa amekuwa mwangalifu.

Tusisahau pia dawa za kuchua misuli zenye harufu kali. Nyingi huwa na aina ya salisileti inayoitwa mafuta ya "wintergreen". Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa halisi kina takriban gramu saba za salisileti, sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Zile za madukani kwa kawaida huwa zimepunguzwa nguvu, lakini chupa ya dawa ya kuchua haifai kuachwa mahali ambapo mtoto ataifikia.

Wengine walifanya nini?

Mataifa mengine yamepitia njia hii. Marekani ilianza kuwaonya wazazi mwaka 1980, baada ya aspirini kuhusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao huharibu ini na ubongo wa mtoto anayepona kutokana na homa ya mafua au tetekuwanga. Mwaka huo visa 555 viliripotiwa. Onyo likaanza kuchapishwa kwenye pakiti mnamo 1986, na tangu 1987 hadi miaka ya tisini idadi haikupita visa 36 kwa mwaka. Uingereza nayo ilitoa ushauri mwaka 1986 kwamba watoto walio chini ya umri wa miaka 12 wasipewe aspirini, kisha mwaka 2002 ikaongeza umri huo hadi miaka 16. Mnamo 1998, ilipunguza pia idadi ya vidonge vya aspirini na parasetamoli vinavyouzwa katika pakiti moja: 16 katika maduka ya kawaida na 32 katika maduka ya dawa. Vifo vilivyotokana na kumeza dawa hizo kupita kiasi vilipungua.

Mafanikio hayo yanatia moyo, lakini hayawezi kuigwa kama yalivyo. Onyo la Marekani lilichapishwa kwenye pakiti kwa sababu Mmarekani hununua pakiti. Mkenya wa kawaida hununua vidonge viwili vilivyokatwa kwa makasi. Pakiti hubaki dukani, nayo karatasi ya maelezo hutupwa pamoja na boksi. Hata kama onyo lingeandikwa kwa ufasaha wa hali ya juu, halingemfikia anayelihitaji. Na mara nyingi maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata waliosoma hukisoma kwa kusitasita.

Wajibu ni wa nani?

Ikiwa hivyo ndivyo dawa inavyouzwa, basi onyo halina budi kuifuata dawa yenyewe. Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa kwa mujibu wa Sura ya 244 ya sheria zetu, inaweza kuwataka watengenezaji na waagizaji kuchapisha maneno machache ya Kiswahili nyuma ya kila kidonge, ili hata kikikatwa kimoja, kiende na onyo lake. Maneno hayo hayahitaji kuwa mengi: "Ina aspirini. Usimeze ukiwa na pumu kabla ya kumwona daktari. Usimpe mtoto."

Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha saba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi haliwezi kusemwa kuwa limetolewa.

Wajibu wa pili ni wa muuzaji, na hapa pia Kilifi ina funzo. Katika miaka ya tisini, watafiti waliwafunza wenye maduka wa vijijini jinsi ya kuuza dawa za homa ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba watoto waliopewa kiasi kamili cha klorokwini, dawa ya malaria iliyotumika wakati huo, waliongezeka mno. Kumbe mwenye duka si adui wa afya. Ni mhudumu ambaye hatujawahi kumpa mafunzo.

Serikali za kaunti, ambazo zimekuwa zikisimamia huduma nyingi za afya tangu 2013, zinaweza kuifufua kazi hiyo. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, hupita nyumba hadi nyumba. Hakuna kinachowazuia kupita pia dukani na kumfunza muuzaji maswali matatu: Dawa ni ya nani, na ana umri gani? Je, ana pumu au pua iliyoziba kwa muda mrefu? Amemeza dawa gani nyingine tangu jana?

Wajibu wa tatu ni wetu sisi wanunuzi. Mwenye pumu ambaye aliwahi kubanwa kifua baada ya kumeza dawa ya maumivu anapaswa kulitaja jambo hilo kila anapotibiwa, hata kama haulizwi. Mzazi ambaye mtoto wake anahema kwa kina afike hospitalini upesi, naye achukue maganda ya dawa zote alizompa. Maganda hayo yanaweza kumwelekeza daktari kwenye tiba sahihi, kwa kuwa sumu ya salisileti hutibiwa kwa maji ya mshipani na dawa ya kupunguza asidi, wala haitibiki kwa dawa ya malaria.

Hata hivyo, anayemeza aspirini kila siku kwa agizo la daktari wa moyo asiiache kwa sababu ya makala haya. Kuiacha ghafla kunaweza kumletea mshtuko wa moyo au kiharusi. Kama ana pumu na ana wasiwasi, amuulize aliyemwandikia.

Aspirini imeishi miongoni mwa binadamu tangu 1899, na huenda ikaendelea kuishi kwa karne nyingine. Tunachohitaji ni kuiondoa katika kundi la sukari na kiberiti, na kuirejesha katika kundi la dawa. Hatua ya kwanza haihitaji bajeti wala mswada bungeni. Yatosha muuzaji, kabla ya kuchukua makasi yake, amwangalie mteja na kumuuliza: "Je, una pumu?"